Sentimita Mbili za Shingo

Mwaka ule shingo yangu ilishinda mbuzi.

Naanzia hapo kwa sababu watu wanaonipigia simu siku hizi huniuliza kwanza, "Ulijuaje?" Sikujua. Nilisherehekea. Nilikuwa na uvimbe wa saratani shingoni, nikapigiwa makofi kwa ajili yake, nikala nyama choma kwa heshima yake na nikaomba niongezewe kachumbari. Kama umekaa kwenye benchi la hospitali mahali fulani ukijilaumu kwamba ulichelewa kutambua, fahamu kuna mwenzako aliyechelewa huku mdomo umejaa mbuzi.

Mimi ni mtu wa raga. Nilizaliwa Nakuru, kwenye nyumba za reli, ambako babu alikuja kutoka Bungoma kutia makaa kwenye garimoshi. Shule ya upili nilikuwa mnene kuliko dawati langu, na mwalimu wa michezo akanitazama akasema hatimaye ameona mahali pa kunitumia. Akanifanya propu. Kwa usiyejua mchezo wenyewe, kuna wakati mpira husimama, watu wanane wa kila upande wakashikana mabega, wakainama na kusukumana na wenzao vichwa kwa vichwa. Hiyo ndiyo skramu. Propu hukaa mbele kabisa, pembeni, na uzito wa watu wote hao hupitia shingoni mwake. Wenye mbio hupigwa picha, sisi hupigwa dawa ya mgongo. Lakini kazi hiyo ilinilisha. Nilifika hadi Ulaya, nikacheza misimu mitatu ya kulipwa katika klabu ya mji mdogo ambao ng'ombe walikuwa wengi kuliko mashabiki, na nikaipenda kama mtu anavyoupenda mji wake wa pili.

Katikati ya msimu wa tatu bega lilinishinda. Nilirudi nyumbani kuliuguza, na nikiwa huku klabu nyingine, kubwa kidogo, ikanisaini nianze Julai. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Kwa propu huo ndio umri wa kuvuna.

Sasa hiyo habari ya mbuzi. Klabuni kwetu Nakuru, watu wa safu ya mbele wana desturi yao ambayo wachezaji wengine huicheka. Kila Januari hupimana shingo kwa utepe wa fundi wa nguo. Aliyeongeza kuliko wote tangu alipopimwa mara ya mwisho huchinjiwa mbuzi, kwa sababu shingo nene ndiyo inayotuzuia tusivunjike. Mpimaji ni Kiprono, ambaye hucheza katikati ya mapropu wawili, mikono yake juu ya mabega yetu. Kiprono ni mtoto wa wafugaji wa Rongai, ana pikapu anayobebea viazi vya Dundori, na kwa misimu yote tuliyocheza pamoja amening'inia kwenye shingo yangu hadi anaijua kuliko kinyozi wangu.

Siku hiyo alizungusha utepe, akatazama, akazungusha tena.

"Arobaini na tisa! Buda, umeongeza mbili! Huko majuu walikuwa wanakulisha nini?"

"Jibini," nikasema, nikijikaza shingo zaidi ili asibadilishe mawazo.

Nilibebwa juu juu. Hakuna aliyeuliza mtu mwenye bega bovu, ambaye hajainua chuma miezi miwili, anaongezaje shingo. Wala hakuna aliyeuliza kwa nini suruali zangu zilikuwa zinaanguka. Mwili ulikuwa umepungua kilo nane, ngozi inaniwasha bila upele, shuka naliamkia limelowa jasho, na sisi mabingwa wa shingo tukaona mambo yanakwenda vizuri.

Mke wangu Wanjiru ndiye aliyeona. Yeye ni mwalimu wa gredi ya pili, na macho yake yamezoea kumwona mtoto anayeficha kitu chini ya dawati. Jumapili moja nilikuwa nafunga shati la kanisani, akaacha kumsuka Nafula, binti yetu wa miaka minne, akaja karibu.

"Baba Nafula, hebu geuka. Shingo gani hii inanona upande moja?"

"Ni msuli, mama. Nimeshinda nayo mbuzi."

Alinishika mkono, akakiweka kidole changu mwenyewe juu ya mfupa wa bega, upande wa kushoto. Kulikuwa na kitu cha mviringo, kigumu kidogo, kisichouma hata chembe. "Msuli haisongi hivi ukiigusa," akasema. "Ng'ombe ya mama kule Dundori ikitoka kitu kama hii, daktari angeitwa jana." Hatukwenda kanisani siku hiyo. Nilikasirika, maana nilikuwa nimeshapiga viatu rangi.

Yaliyofuata ni kungoja, na hapa sitakudanganya, kungoja ndiko kulikonitesa kuliko sindano. Kwanza dawa za wiki mbili, labda ni meno. Kisha makohozi, labda ni kifua kikuu. Kisha wakakata kipande kidogo cha nyama pale shingoni wakakituma mbali. Februari ikaisha, Machi ikaanza kunyesha, watu wa Dundori wakapanda viazi, nami bado niko kwenye benchi. Unajua benchi zile: wa kwanza akiitwa, wote mnasogea tako moja mbele, na ukisahau kusogea unasukumwa kwa upole na mama usiyemjua. Nilikuwa nimezoea viwanja ambamo nikisukumwa nasukuma. Pale nilijifunza kusogea.

Daktari alipotuita alikuwa na karatasi moja tu. Alisema ni saratani ya tezi za limfu. Alisema kemo kumi na mbili, moja kila wiki mbili. Halafu akasema, "Hii ni ya kupona, ukimaliza." Mimi nilisikia "kupona". Wanjiru alisikia "ukimaliza". Tulitoka ofisi moja na habari mbili tofauti, na karibu yote mabaya yaliyotupata baadaye yalitoka hapo.

Kwa sababu mimi nilishaanza kupiga hesabu kwa vidole. Kemo ya kwanza wiki ya kwanza ya Aprili, ya mwisho Septemba. Mkataba, Julai. Nilimwuliza daktari kama ninaweza kupewa mbili mbili. Alinitazama kwa huruma akaandika kitu. Klabu ya Ulaya sikuiambia lolote, niliwaandikia tu kwamba bega linaendelea vizuri, na hilo halikuwa uongo.

Kemo yenyewe ilikuwa siku za Alhamisi. Kulikuwa na viti sita karibu na dirisha, na katika kiti cha kwanza alikuwa Mama Akinyi, muuza samaki kutoka Kamere, ambaye alikuwa anatibiwa titi na alikuwa mbele yangu kwa awamu tatu. Aliponiona naingia na mabega yangu, akacheka.

"Wewe mkubwa hivi pia unaogopa sindano?"

"Naogopa, mathe."

"Vizuri. Mwenye haogopi ndiye huzirai. Kuja hapa karibu."

Yeye ndiye aliyenifundisha kufyonza barafu ya ndimu wakati ile dawa nyekundu inaingia, ili mdomo usitoke vidonda. Yeye ndiye aliyeniambia nisishtuke nikienda haja ndogo ikawa nyekundu. Daktari alikuwa ameniambia pia, nadhani, lakini maneno ya daktari hupita kichwani kama tangazo la redio, ya Mama Akinyi yalikaa. Alikuwa anatandika leso yake kwenye kiti cha pembeni asubuhi ili kisikaliwe na mtu mwingine kabla sijafika. Nilimpenda yule mama, na sioni haya kulisema.

Mwili ulibadilika bila kuniomba ruhusa. Nywele zilinyonyoka wiki ya tatu, zote, hata za mikono. Nafula alinipaka mafuta kichwani akasema sasa nang'aa kama sufuria ya shosho, nyanya yake kule Dundori. Mishipa ya mkono ilikuwa migumu kama waya, sista akawa anapapasa kila mahali akitafuta mmoja laini. Chakula chote kilikuwa na ladha ya misumari. Kutoka kilo mia na kumi na nane niliteremka hadi tisini na nne, na siku moja nikapita mbele ya kioo cha duka mjini nikampisha mtu aliyekuwa anakuja, kumbe ni mimi.

Nyumbani nako kulikuwa na vita vya kimya. Mama yangu alitaka nipelekwe Bungoma nikaonwe na mjomba wake anayejua mizizi. Wanjiru alikataa kwa adabu mara ya kwanza, mara ya pili bila adabu nyingi. Mama akaja na kikundi chake cha maombi, wakaimba sebuleni hadi vikombe vikatetemeka, akanishika shingo akatangaza uvimbe umepungua. Haukuwa umepungua. Lakini alikuwa na mkono wa joto, na mimi nilikuwa nahisi baridi kila wakati, kwa hiyo nilimwacha aushike kwa muda mrefu. Mama mkwe kule Dundori yeye alituma viazi na maziwa. Kila Jumatatu pikapu ya Kiprono ilisimama langoni na gunia ambalo halikuwa limeagizwa.

Baada ya kemo ya tano uvimbe ulipotea. Niliutafuta kwa vidole kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni, haukuwapo. Baada ya ya sita nilianza kupata siku nzima nne, hata tano, ambazo nilijisikia mtu. Na ndipo klabu ya Ulaya ikaandika: nifike kabla ya wiki ya pili ya Julai, la sivyo nafasi inapewa mwingine.

Hapa nakuomba unisome polepole, hasa kama wewe mwenyewe uko katikati ya matibabu na umeanza kujisikia vizuri. Mtu mgonjwa sana hatoroki, maana hana nguvu za kutoroka. Hatari ni pale unapopata nguvu kidogo. Mimi nilijiambia uvimbe umeisha, kwa hiyo ugonjwa umeisha, kwa hiyo kemo sita zilizobaki ni za daktari, si zangu. Nilijiambia Ulaya kuna hospitali nyingi, nitaendelea huko. Nilijua sitaendelea. Klabu ikijua, inavunja mkataba kabla sijashuka kwenye ndege.

Alhamisi ya kemo ya saba, mwisho wa Juni, timu yetu ilikuwa na kambi na mazoezi yalikuwa ya asubuhi. Niliondoka nyumbani na mkoba wa hospitali. Ndani yake, chini ya shuka, nilikuwa nimeficha njumu zangu za raga.

Nikiwa nafunga kamba za njumu, simu ikaita kwa ujumbe wa Wanjiru kutoka shuleni: "Wamepata mshipa?"

Nikaandika: "Ndio. Mara ya kwanza."

Akajibu: "Asante Yesu!"

Nikaizima simu nikaiweka ndani ya kiatu cha hospitali. Naandika haya na bado masikio yananiwaka moto.

Vijana walifurahi kuniona. Walinigonga mgongo, kocha akasema nianze taratibu, nikasema taratibu ni za wazee. Nilikimbia kidogo, pumzi ikakata haraka kuliko nilivyotegemea, nikasingizia baridi. Kisha tukaenda kwenye skramu, mahali ambapo kwa miaka kumi na moja sikuwahi kuuliza mimi ni nani. Nilisimama upande wangu. Kocha akaita, "Inama!" Tukainama. Akaita, "Shika!"

Nikangoja mkono wa Kiprono uje juu ya bega langu. Haukuja.

"Kip, shika," nikasema.

Alisimama wima. "Leo ni Alhamisi."

"Sista alinipa ruhusa."

"Sista gani?"

"Kip, wacha hizo. Shika."

Akatikisa kichwa. Kiprono si mtu wa maneno, akiwa na mengi sana ya kusema huyamaliza kwa sentensi tatu. "Ile Januari mimi ndio nilipima," akasema. "Nilikuwa nimeshika ugonjwa yako kwa mkono, nikaita mbuzi. Nilichinja mimi mwenyewe. Wafula, sitakosea na shingo yako mara mbili."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nilimsukuma kifuani. Nilimwambia anaona wivu, kwamba yeye atabaki kubeba viazi na mimi nitaenda. Aliketi chini, katikati ya uwanja, kwenye nyasi zenye umande. Skramu haiwezi kwenda bila mtu wa katikati. Propu wa upande mwingine alitutazama, akaketi. Kisha walio nyuma yetu, mmoja baada ya mwingine, hadi nikabaki nimesimama peke yangu katikati ya wanaume saba waliokaa. Kocha akatazama saa yake akasema ana mambo mengine ya kufanya upande ule.

Nililia. Si machozi ya kifilamu, ni yale ya kamasi. Nililia kwa sababu nilikuwa nataka kuishi na nilikuwa nataka kucheza, na mpaka dakika ile nilikuwa nimekataa kukubali kwamba huenda nisipate vyote viwili. Kiprono aliinuka, akanishika bega kama alivyokuwa akishika siku zote, tukaelekea kwenye pikapu.

Wote walikuja. Mimi mbele na Kiprono, sita nyuma juu ya magunia matupu. Tuliingia idara ya kemo tukiwa tumejaa matope hadi magotini, na Sista Jebet, ambaye ni mdogo wa kimo lakini sauti yake inasikika hadi maabara, akainua mkono kama trafiki.

"Simama hapo! Hawa ni nani? Sakafu imepigwa deki saa hii!"

"Ni watu wangu, sista."

"Watu wako wavue viatu."

Walivua. Jozi saba za njumu zikapangwa mlangoni kama msikitini, na wanaume saba wakubwa wakaketi miguu mitupu kwenye benchi la wagonjwa. Mtu akiitwa, nao wakasogea tako moja mbele pamoja na wengine, kwa utiifu, hadi benchi likalia. Mzee mmoja ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno alianza kucheka, na chumba kizima kikamfuata.

Mama Akinyi alikuwa kwenye kiti chake. Leso yake ilikuwa bado imetandikwa kwenye changu, ingawa ilikuwa imekaribia saa saba.

"Walitaka kuketi hapa," akasema. "Nikawaambia kuna mtu. Amechelewa tu."

Nilimwuliza Sista Jebet kama dawa yangu imetupwa. "Hatuchanganyi mpaka mtu afike," akasema, akinifunga mpira mkononi. "Wengi hukosa kufika. Toa mkono." Mshipa ulipatikana mara ya nne.

Wanjiru nilimwambia mwenyewe, jioni ile, kwa sababu Kiprono alisimamisha pikapu langoni akasema hataondoka mpaka nimwambie. Nilisema yote, njumu, ujumbe, kila kitu. Nilitegemea kelele. Alikaa kwenye kiti akaangalia mikono yake.

"Nilipopata hiyo message nilikuwa darasani," akasema. "Niliambia watoto wapige makofi. Niliwaambia Baba Nafula leo hajaumia. Watoto wote walipiga, Wafula."

Baada ya hapo hakusema nami tena. Si kwa siku ile tu.

Nitaruka mbele kidogo ili usikae na wasiwasi. Nilimaliza. Ya nane, ya tisa, Julai na Agosti, baridi ile ya Dundori ikishuka hadi mjini, viazi vikichimbwa, mimi na sweta mbili. Ya kumi ilikuwa mbaya kuliko zote, nilitapika hata maji. Mama Akinyi alimaliza zake kabla yangu, siku ya mwisho akaniachia leso. Yuko Kamere, anauza samaki, na ananidai ziara. Ya kumi na mbili ilikuwa Septemba. Picha ya mwisho ilirudi safi, na imerudi safi kila mara tangu hapo, ingawa wiki ya kungoja majibu bado naishi kwa chai na hasira.

Sikurudi Ulaya. Dawa iliniponya lakini ilichukua sehemu ya kifua. Nikikimbia urefu mmoja wa uwanja nashika magoti kama mzee. Nilijaribu msimu mmoja na timu ya pili, nikaona wenzangu wanasukuma kwa ajili yangu pia, nikaacha. Sasa nafundisha safu ya mbele. Naumia, ndiyo. Kuna Jumamosi ninapoangalia skramu ikiinama na mwili wangu unainama wenyewe pale pembeni, na watu hunicheka, nami nacheka nao. Kupima shingo tunapima bado. Lakini Kiprono hupima, kisha huweka utepe chini akapapasa pande zote mbili kwa vidole, taratibu, na anayeongeza bila kuinua chuma huenda kliniki kwanza, mbuzi baadaye. Mwaka jana mbuzi alingoja wiki tatu. Ilikuwa misuli tu, tukala.

Kwako wewe uliye kwenye benchi sina mengi. Barafu ya ndimu. Sweta, hata kama kuna jua. Mwachie anayetaka kukushika akushike. Usitoroke ukijisikia vizuri, na kama umeshatoroka, rudi hata na matope yako, watakukaripia kisha watakuchanganyia dawa.

Kuna jambo moja nililoliruka, nalo ndilo gumu kuliko yote kwangu.

Ilikuwa siku ya sita tangu Wanjiru aache kusema nami. Alikuwa mezani, mchana wa Jumatano, shule zilikuwa zimefunga nusu siku, anasahihisha madaftari ya gredi ya pili, mgongo wake kwangu. Chakula alikuwa ananiwekea, lakini alikuwa anakiweka kama mtu anayeweka barua. Nafula alikuwa amelala. Nilichukua simu nikampigia meneja wa ile klabu ya Ulaya, pale pale sebuleni, nikaweka sauti nje ili asikie.

Meneja alinisalimia kwa furaha. Akauliza ndege yangu ni lini, wamenitafutia nyumba karibu na uwanja, kuna shule ya watoto jirani. Nikawa namsikiliza huku nimefumba macho. Miezi yote ile nilikuwa nimeuita "uvimbe", "ile kitu", "mambo ya shingo". Sikuwahi kulitamka jina lake kwa kinywa changu, hata kwa mama, hata kanisani.

"Sitakuja," nikamwambia. "Nina saratani. Nimepewa kemo saba na zimebaki tano."

Kalamu nyekundu ya Wanjiru ilisimama.

Yule mzungu akasema pole, na nadhani alimaanisha. Akauliza kama nataka wanishikie nafasi hadi Januari. Nilitaka kusema ndiyo. Mungu anajua nilivyotaka. "Mpeni mwingine," nikasema. "Mimi bado nina kazi hapa." Tukaagana. Niliiweka simu kwenye kiti na kuketi sakafuni kando yake.

Wanjiru alimaliza daftari lililokuwa mbele yake. Aliweka alama, akaandika kitu kifupi chini, akalifunga akaliweka juu ya mengine. Kisha akasema, bado mgongo umenielekea:

"Utakula nini?"

Nikamwambia sijui, kila kitu kina ladha ya misumari.

"Sijakuuliza ladha, Baba Nafula," akasema, akainuka na kufunga leso kiunoni. "Nimekuuliza utakula nini. Alhamisi ya wiki ijayo tunaenda wawili, na mimi sibebi mtu."